Mrihani Wangu, Mkulo Wake

Nilikolelewa mimi, kisiwani Pemba, mtu aliweza kujua wakati kwa pua yake. Alfajiri langilangi la jirani lilinukia mpaka uani kwetu, na ndio wakati wa kulichuma, kwani jua likipanda harufu yake hufifia. Mchana wa msimu njia nzima ilinukia karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi. Alasiri watoto wa kike tulitumwa kuchuma asumini ingali matumba, maana hufunguka usiku, na ukingoja ifunguke mtini umeshachelewa kuitia kwenye mto. Magharibi chetezo cha udi kilipitishwa chumba kwa chumba. Hapakuwa na mtu aliyeyaita hayo tiba. Jina la aromatherapia lilivumishwa na mkemia Mfaransa, René-Maurice Gattefossé, mwaka 1937, mtu aliyeungua katika maabara yake mwaka 1910 na baadaye akayasifia sana mafuta ya lavenda. Bibi yangu alikuwa na singo, liwa, dalia na vikuba vyake, vitu vyetu vya kujipamba na kunukia, bila kumsubiri Mfaransa huyo. Ila na yeye alipenda kutia chumvi kuhusu kila kinachonukia, kwa hiyo nadhani wangeelewana.

Naandika haya kwa sababu tangu nilipopata nafuu ya msongo wa mawazo, wenzangu wananiuliza natumia mafuta gani. Nikiwatajia jani la mrihani hawaridhiki, wanadhani nawaficha. Ukweli ni kwamba jina la mmea wangu haliwezi kuwasaidia sana, na ili nieleze kwa nini, lazima nianze na mimi mwenyewe nilivyokuwa.

Mimi ni mhasibu katika kampuni ya uwakala wa forodha, Dar es Salaam. Anayeijua kazi hii hahitaji maelezo. Meli imefika, mzigo unakaa bandarini na gharama zinapanda, mteja anapiga simu kila baada ya nusu saa, na ritani ya VAT inataka iwe imeshaingia tarehe 20 ya kila mwezi, uwe mzima au unaumwa. Kwa muda mrefu nilijiona naimudu. Kisha nikaanza kuamka saa tisa usiku nikijumlisha tarakimu za watu wengine. Asubuhi taya linauma kwa kusaga meno. Moyo unakwenda mbio nikiwa nimeketi tu ndani ya daladala. Nyumbani nikawa nawakaripia watoto kwa kosa la kuangusha kijiko.

Nilikwenda hospitali nikiwa na hakika kwamba ni moyo. Wakanipima presha, wakapima umeme wa moyo, wakachukua damu kuangalia tezi la shingo na upungufu wa damu. Daktari, kijana mpole, akanirudishia karatasi akasema: "Mama, moyo wako mzima. Una msongo." Akaniambia nipunguze kahawa, nitembee kwa miguu kila siku, nilale na kuamka saa zilezile, na akanionyesha namna ya kupumua taratibu. Akanitaka nirudi baada ya mwezi, na akasema huzuni ikiongezwa juu ya wasiwasi atanipeleka kwa mtaalamu wa saikolojia. Harufu hakuitaja, wala sikutegemea aitaje. Nayasema haya ya hospitali mapema kwa makusudi. Mapigo ya moyo yasiyoeleweka hayaanzwi kwa kunusa majani.

Harufu iliingia kwa zawadi. Mfanyakazi mwenzangu alikuwa ametoka safari, akaniletea chupa ndogo ya mafuta ya lavenda. "Dada, tia matone mawili kwenye mto, utalala mpaka adhana ikukute."

Nikatia. Usiku ule ulikuwa mbaya kuliko wote. Nililala macho wazi, kifua kizito, nikihisi nyumba imeingiwa na msiba, na nilikaa muda mrefu gizani ndipo nikakumbuka harufu ile naijulia wapi. Karafuu maiti, yaani kafuri. Ile inayotiwa kwenye maji ya mwisho ya kumwoshea maiti. Miaka michache kabla yake nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha mama yangu, na mafuta ya lavenda yalikuwa yamenirudisha kwenye chumba kile bila kuniuliza.

Ajabu ni mume wangu. Yeye alikuja kulala baada yangu, akavuta pumzi mara moja, akatabasamu. "Umeitoa wapi harufu ya karakana ya mzee?" Ni Msambaa wa Lushoto, na baba yake alikuwa fundi seremala aliyekuwa akichonga mbao za mkulo, mti wa misitu ya Usambara ambao ukiupiga randa hutoa harufu ya kafuri. Siku hizi mkulo ni adimu kwa jinsi ulivyovunwa. Kwake yeye harufu ile ilikuwa vumbi la mbao, jioni ya baridi, na baba yake akifagia karakana. Alilala fofofo. Mto mmoja, chupa moja, yeye amefika kwao na mimi nimekaa matangani.

Baadaye nilikwenda kuisoma chupa. Kwa maandishi madogo iliandikwa Lavandula x intermedia, nami nikatafuta maana yake. Ni lavandini, chotara inayolimwa sana Ufaransa kwa sababu inatoa mafuta mengi na kwa bei nafuu kuliko lavenda halisi, ambayo kwa jina la kitaalamu ni Lavandula angustifolia. Lavandini huweza kuwa na kafuri kiasi cha asilimia 6 hadi 8, na lavenda halisi huwa nayo kidogo sana, mara nyingi chini ya asilimia 1. Kwa hiyo pua yangu haikuwa imenidanganya. Kafuri ilikuwamo kweli. Tangu siku hiyo sinunui chupa isiyo na jina la kitaalamu la mmea, na nikiona imeandikwa "lavenda" tu kwa maua ya zambarau yaliyochorwa, naiacha pale pale dukani.

Lakini suala la kafuri ndilo lililo dogo. Kubwa ni lile la mume wangu na mimi. Hisia nyingine zote, kuona, kusikia, kugusa, hupita kwanza katika kituo kimoja ndani ya ubongo kiitwacho thalamasi kabla ya kusambazwa. Harufu ina njia ya mkato. Kutoka puani huingia kwenye tungu la kunusia, na kutoka hapo huenda moja kwa moja kwenye amigdala, inayohusika na hofu na hisia, na karibu kabisa na hipokampasi, inayotunza kumbukumbu. Ndiyo maana harufu inaweza kukuliza kabla hujajua unalilia nini. Na ndiyo maana orodha zinazosema mmea fulani unatuliza na fulani unachangamsha nazisoma kwa tahadhari, kana kwamba watu wote tumelelewa nyumba moja.

Nilimpigia shangazi yangu Pemba, si kwa ajili ya dawa, nilitaka tu kumsikia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Wajukuu hawajambo?"

"Hawajambo. Mimi ndiye silali." Nikamsimulia habari ya chupa.

Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa nawe wanunua harufu ya wazungu, kwani huko Dar mrihani umekwisha? Ulipokuwa mdogo ukiliwa na kilio, mama yako akikupachika kijani cha mrihani nyuma ya sikio, unanyamaza."

Sijui kama ni kweli nilikuwa nikinyamaza. Shangazi hana hadithi isiyokwisha kwa ushindi. Lakini nilipokata simu nilikuwa nimeshaanza kuinusa, mrihani na asumini pamoja, kwenye kanga ya mama siku za harusi, akiwa hai na ana haraka.

Nilinunua mche kwa wauza miche wa barabarani, nikaupanda kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa chini, nikauweka barazani. Nilikuja kufurahi nilipojua kwamba katika aina nyingi za mrihani mna linaloli, kemikali ileile inayoifanya lavenda isifiwe. Imo pia kwenye asumini na langilangi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kagoshima, Japani, walieleza kwamba panya waliovutishwa harufu ya linaloli walipungukiwa na wasiwasi, na wale walioharibiwa uwezo wa kunusa hawakutulia. Maana yake, kwa panya hao kazi ilifanyika kupitia puani. Kilichonivutia zaidi ni kwamba dawa ya dukani iliyovuka bahari ilikuwa na mwenzake kwenye ndoo yangu ya rangi.

Hata hivyo linaloli pekee haikunitosha, na hapa ndipo penye kiini cha yale niliyojifunza. Majuma ya mwanzo nilikuwa nanusa jani popote: jikoni, ndani ya daladala, nikiwa na hasira, nikiwa nafungua mafaili. Nilipata kuburudika kidogo tu, basi. Ndipo nikabadili utaratibu. Mrihani ukawa na saa yake na mahali pake. Baada ya sala ya Isha, simu inabaki ndani, nakaa barazani kwenye kiti kilekile, nachuma jani moja, nalisugua kati ya vidole, navuta pumzi na kuitoa polepole kuliko nilivyoivuta, kama daktari alivyonionyesha. Sizungumzi na mtu. Watoto walizoea wakawa wanasema, "Mama yuko kwenye mrihani." Kwa kazi nyingine yoyote sikuunusa tena. Hata mboga sikuutilia.

Kwa muda hapakuwa na kitu, mwanamke tu amekaa gizani ananusa jani. Kisha jioni moja nilikuwa naumwagilia maji, sina nia ya kukaa, na harufu iliponipanda nikahisi taya limelegea lenyewe. Mwili ulikuwa umeshaijua ishara. Tangu hapo ndipo nilipoanza kuchukua jani kwenda nalo kazini, ndani ya kitambaa cha mkononi, na likawa linafanya kazi kule ambako hakuna baraza wala Isha. Namna hii ya kuufundisha mwili kwa harufu nilikuja kuiona pia kwa wasomi wa akili: harufu mpya ikifungamanishwa mara kwa mara na hali fulani, baadaye harufu peke yake huivuta hali ile. Wasiwasi nao hufungamanishwa vivyo hivyo. Ndiyo sababu sikukubali tena kuunusa mrihani nikiwa juu ya ritani.

Kazini nilijifunza adabu yake. Ofisi yetu ni chumba kimoja chenye kiyoyozi, madirisha hayafunguliwi, na yumo mwenzetu mwenye kipandauso ambaye manukato makali humwanzishia. Kwa hiyo kile chombo cha kupuliza mvuke wa mafuta chumba kizima sikukipeleka. Kitambaa kinatosha, unakinusa, unakifunga. Na hakuna faida ya kuzidisha. Pua huzoea harufu ndani ya dakika chache ikawa haiisikii tena, na mtu asiyejua hilo huongeza matone mpaka wenzake waumwe na kichwa. Nusa kidogo, weka mbali, rudi baadaye.

Hebu niwe mkweli kuhusu kiasi cha nafuu yenyewe. Mteja akipiga kelele na kontena limekwama, jani la mrihani halilitoi kontena. Linanipa dakika chache ambazo mikono haitetemeki, na katika dakika hizo naweza kuandika barua pepe isiyo ya matusi. Usingizi ulirudi polepole, na siwezi kutenganisha sehemu ya mrihani na sehemu ya kutembea, ya kupunguza kahawa, na ya kukaa bila simu. Hata ile pumzi ndefu ya kunusa ni dawa kwa upande wake. Wanasayansi wenyewe wanapata taabu hiyohiyo: utafiti mwingi juu ya harufu na msongo ni wa watu wachache, na ni vigumu kumficha mtu asijue kama ananusishwa lavenda au maji matupu. Palipo na ushahidi mzito zaidi ni kwenye mafuta ya lavenda yaliyotiwa ndani ya kidonge cha miligramu 80 kinachomezwa, ambacho Ujerumani kinatumika kama dawa ya wasiwasi. Hicho ni kidonge kilichotengenezwa na kupimwa kama dawa, na mtu asije akachukua chupa ya mafuta ya kunusa akaanza kuinywa.

Likizo iliyofuata nilikwenda nyumbani. Boti mpaka Unguja, nyingine mpaka Mkoani, halafu gari hadi Chake Chake. Nikapita Wawi, kwenye kiwanda cha makonyo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Nilipokuwa mtoto nilipita hapo mara nyingi nisijue kinachofanyika ndani. Makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, hujazwa kwenye pipa kubwa, mvuke hupitishwa katikati yake, ukitoka na mafuta hupozwa, na mafuta na maji hutengana. Hukeneka pia majani ya mdalasini, mchaichai na mkaratusi. Jambo dogo lililonifurahisha: mafuta ya mchaichai huelea juu ya maji, ya karafuu huzama. Ukiona shehena ya majani inayoingia na kiasi kidogo cha mafuta yanayotoka, unaelewa kwa nini tone moja si kitu cha kuchezea.

Na mafuta ya karafuu hasa si ya kuchezea. Asilimia kubwa yake ni eujenoli, ileile ambayo madaktari wa meno huitumia, nayo ikikaa bila kuchanganywa huunguza ngozi. Kwa kupaka mwilini, mafuta yoyote ya namna hii nayapunguza ndani ya mafuta ya nazi: matone 12 hivi kwa mililita 30, ambayo ni karibu asilimia 2, na ya karafuu chini ya hapo. Kuyatia ndani ya maji ya kuoga peke yake ni kazi bure, hayachanganyiki, yataelea na kukugusa makali yakiwa hayajapunguzwa. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye ganda la ndimu yana hatari yake ya pekee kwetu sisi wa jua kali: ukiyapaka ukatoka nje mchana, ngozi inaweza kuungua na kubaki na mabaka meusi. Na chupa zote zinakaa juu, zimefungwa. Mafuta ya mkaratusi, hata kiasi kidogo tu, mtoto akiyameza yanaweza kumtia degedege, na ya karafuu yanaweza kumharibu ini. Mjamzito na mwenye kifafa waulize hospitali kwanza. Nyumba yenye paka nayo ijiangalie, maana ini la paka haliwezi kuyachuja mengi ya mafuta haya.

Udi nilitaka sana kuurudisha nyumbani kwangu. Harufu ya udi wa Kizanzibari, ule unaopikwa kwa sukari na manukato, ndiyo harufu ya Magharibi yote ya utoto wangu. Lakini mume wangu ana pumu, na moshi ni moshi hata ukinukia. Una chembe ndogo zinazoingia mapafuni, na makaa ya chetezo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Ndiyo ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumba kimefungwa. Kwetu Pemba madirisha yalikuwa hayana vioo, upepo unaingia huku ukitokea kule. Kwenye fleti ya Dar yenye kiyoyozi habari ni nyingine. Kwa hiyo udi nauchoma nje, kwenye Idi, naye akiwa upande wa upepo. Na nyungu, ambazo mwaka 2020, wakati wa UVIKO, nyumba nyingi zilijifukizia, sizitii kwenye hesabu ya msongo hata kidogo. Sufuria la maji yanayochemka chini ya blanketi linanitia wasiwasi kuliko linavyonitoa.

Ununuzi una hila zake. Kariakoo nimeonyeshwa "mafuta asilia ya asumini" kwa bei ya mchaichai. Asumini haiwezekani. Maua mengi mno hutoa mafuta kiduchu, na bei yake ya kweli inatisha. Mimi hudondoshea tone kwenye karatasi nyeupe nikalisubiri: mengi ya mafuta ya kunukia hukauka yakaacha alama hafifu, na yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia huacha doa la grisi kama la sambusa. Kipimo hicho hakigundui kila udanganyifu, kuna manukato ya maabara yanayokauka vizuri tu. Lakini kinawaondoa wale wavivu.

Nilipoanza kuelezea mambo haya kwenye kikoba chetu, nikataka kila mmoja aseme harufu iliyo salama kwake, asifikiri sana. Majibu hayakufanana hata kidogo. Wa Tanga alisema mkadi. Wa Bukoba alisema kahawa inayokaangwa, kitu ambacho kitaalamu kinapaswa kuchangamsha, naye anasema humlegeza mabega, bibi yake alikuwa akikaanga. Mmoja akasema mvua ya kwanza kwenye vumbi, na hiyo hatukujua tumwekee kwenye chupa gani. Mwingine, aliyepoteza kunusa alipougua UVIKO, alisema kwa sasa angefurahi hata kunusa shombo la samaki. Huyo nilimweleza mazoezi ambayo daktari Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, waliyachapisha mwaka 2009: kunusa waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Alianza, kwa karafuu nilizomletea kutoka Pemba. Amerudishiwa baadhi, si zote. Seli za kunusia hujizalisha upya maishani, na kwa baadhi ya watu mazoezi hayo huzisaidia.

Mmoja alikataa kabisa kutaja harufu, akaanza kulia. Yeye hakuhitaji jani. Tulimsindikiza hospitali juma hilohilo, na matibabu aliyoyapata huko ndiyo yaliyomfaa. Nina imani kubwa na mrihani wangu, na bado mtu asiyeweza kuamka kitandani siwezi kumpelekea mche.

Jambo lililonipunguzia msongo kuliko lolote, nikisema kweli, lilikuwa mazungumzo na bosi wangu. Nilikwenda na hesabu: mafaili mangapi yananipitia wiki ya tarehe 20, saa ngapi natoka. Nilikuwa nimenusa jani kwenye korido kabla ya kuingia, na sauti haikutetemeka. Alinung'unika, lakini mwezi uliofuata sehemu ya mafaili ilihamishiwa kwa kijana mwingine. Kama ningekuwa nanusa tu na kuvumilia, ningekuwa mhasibu anayenukia vizuri na anayekaribia kuanguka.

Mume wangu sasa anacho chake. Tulipokwenda Lushoto alichukua kisanduku cha zamani cha mkulo alichochonga baba yake, anaweka humo saa na vitambulisho, na jioni anakifungua kuliko inavyohitajika. Kinakaa sebuleni. Chumbani hakiingii, tumekubaliana. Ile chupa ya lavandini nilimpa, ameiweka garini, na siku nikipanda gari hilo tunafungua vioo.

Mrihani nao unataka kutunzwa. Ukiuacha ukachanua na kuzaa mbegu, majani yanakuwa madogo na mti unazeeka upesi, kwa hiyo navunja maua yakianza kuchomoza, na kila ukichoka nachukua tawi, nalitia kwenye glasi ya maji mpaka lichipue mizizi. Tawi moja kama hilo nilimpa kijana aliyepokea mafaili yangu, maana nilimwona ameanza kusaga meno. Akalipanda dirishani kwake. Baada ya muda nikamuuliza vipi.

"Dada, nisikufiche," akasema. "Mimi ni wa Songea. Hii inanuka kama kivumbasi ambacho bibi alikuwa akinifukizia nikiwa na malaria. Kila nikiinusa nahisi homa inakuja."

Nikamwambia anirudishie mche wangu, atafute chake.